Siku Mjomba Alipozimwa Sauti

Leticia hakutaka jogoo achinjwe. Tangu asubuhi alimwambia mama yake kwamba Nassoro si mtu wa makuu, maharage yangemtosha, lakini Mama Getruda hakuwa mwanamke wa kupangiwa mapishi jikoni kwake. Alimkamata jogoo mwenyewe, akamfunga miguu, akampeleka kwa jirani yao Mwislamu, baba Ibra, amchinje yeye ili mkwe mtarajiwa ale bila wasiwasi. Aliporudi na jogoo ananing'inia mkononi, uso wote ulikuwa tabasamu. Binti yake akageukia upande wa pili, akajifanya anachagua mchele. Mtu mwenye kosa moyoni hapendi kuona watu wanahangaika kwa ajili ya raha yake.

Na kosa alikuwa nalo. Tangu Jumapili alikuwa analala nalo na kuamka nalo, akienda nalo kazini na kurudi nalo nyumbani Lizaboni, na mtu pekee aliyelijua alikuwa Shangazi Kunegunda, ambaye kwa bahati mbaya alilifurahia.

Tuanzie kwenye kazi yake, maana balaa lilitoka huko. Leticia alikuwa mratibu wa vikao katika muungano wa vyama vya wakulima. Yeye alikaa ofisini Songea mjini, wajumbe walikuwa Namtumbo, Tunduru, Mbinga na kandokando ya ziwa Nyasa, na wote walikutana kwenye skrini. Kabla hajaajiriwa, vikao hivyo vilikuwa mateso. Mzee Mathias wa Namtumbo akishika zamu ya kuzungumzia tumbaku, watu walikuwa wanatoka kunywa chai, wanarudi, wanamkuta bado yuko kwenye vitalu vya miche. Leticia ndiye aliyeleta saa ya pamoja. Ilikuwa saa moja inayoonekana kwa kila mjumbe, kwenye simu au kompyuta yake, ikihesabu kurudi nyuma. Ilianza na rangi ya kijani, ikaingia njano, ikamalizia nyekundu. Ikifika mwisho, kipaza sauti cha msemaji kilijifunga chenyewe. Hapakuwa na mwenyekiti wa kunung'unikiwa wala wa kubembelezwa. Vikao vikaanza kuisha kabla ya chakula cha mchana, na watu wakamheshimu binti wa Mzee Beda.

Huko ndiko alikompata Nassoro. Alikuwa afisa wa chama cha korosho Tunduru, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye siku zote alimaliza maneno yake saa ikiwa bado ya kijani. Akishamaliza alisema, "Muda wangu uliobaki mpeni Mzee Mathias." Mara ya kwanza Leticia alidhani ni utani. Mara ya pili akainua macho kutoka kwenye saa, akamtazama vizuri. Mwanamume anayemgawia mzee muda wake mbele ya watu wote, wakati wenzake wanagombania kila dakika, huyo si wa kumwacha apite hivi hivi. Wakaanza kubaki kwenye skrini wenzao wakiaga. Kwanza walizungumza bei ya korosho, kisha mvua, kisha wakawa hawazungumzi chochote cha maana, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzima.

Walipowaambia wazazi, pande zote mbili zilinuna. Mzee Beda, ambaye Jumapili hakosi misa ya kwanza, alikaa siku kadhaa bila kumsemesha binti yake isipokuwa kumwomba maji. Kule Tunduru mama yake Nassoro alilia, akauliza kama mabinti wa Kiyao wamekwisha. Ilichukua miezi ya kubembelezana mpaka wakubwa wakakubali angalau kuongea. Barabara ni ndefu na ndugu walikuwa wametawanyika, mmoja Dodoma, mwingine Mtwara, kwa hiyo mtu akasema, si tukutane mtandaoni, binti yetu ndiyo kazi yake. Leticia akaona fahari. Akaandaa kikao kama anavyoandaa vya kazini, na akaweka saa.

Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, na hilo lingesameheka. Leticia ni Mngoni, na kwao baba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo alimpa baba yake Nassoro muda mrefu kuliko wote, na wajomba akawaweka mwisho na dakika zao mbili, pamoja na wengineo. Hakujua kwamba kwa Wayao kaka wa mama ndiye anayesimamia ndoa ya mpwa wake, na baba mzazi husikiliza. Nassoro hakumwambia, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kuna mtu duniani asiyejua hilo.

Siku ya kikao, Jumapili ile, baba yake Nassoro alisalimia, akashukuru, akasema mwenye maneno yupo, akanyamaza. Dakika zake nyingi zikayeyuka bure huku watu wakitazamana. Ndipo akaingia mjomba, Mzee Daimu, amevaa kanzu iliyonyooshwa na kofia ya kufuma, ameketi wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Akatoa salamu. Akaomba dua. Akawataja wazee waliomtangulia, mmoja mmoja, kwa sababu kwao mtu hagusi habari ya ndoa kabla ya kuwaomba ruhusa waliolala. Kisha akamwomba radhi Mzee Beda kwa kuingia nyumbani kwake kwa njia ya simu badala ya miguu. Yalikuwa maneno mazuri, na Mzee Beda alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Saa ikawa njano.

Shangazi Kunegunda, aliyekuwa amekaa kando ya Leticia mahali kamera isipofika, akamwinamia sikioni. Akamnong'oneza kwamba huyo mzee anakuja kudai abadili dini, angoje aone, na akishasema mbele ya baba yake hakuna ndoa tena. Saa ikawa nyekundu. Pale pale ukaingia ujumbe wa Nassoro: Muongezee mjomba, bado hajaanza. Kitufe cha kuongeza muda kilikuwa kwenye skrini, chini ya kidole cha Leticia. Kilikuwa kitu cha kugusa tu. Mzee Daimu akakohoa kidogo, akasema, "Sasa, kuhusu huyu binti na dini yake," na Leticia akaondoa mkono.

Midomo ya mzee iliendelea kutembea bila sauti. Aliendelea hivyo kwa kitambo kirefu, mkono mmoja kifuani, mpaka mtu fulani upande wake akamwambia hasikiki. Akanyamaza. Akaweka kofia yake sawa, akainuka, na skrini ikabaki na kiti kitupu.

Nassoro alipompigia baadaye, Leticia alimwambia mtandao uliganda na ujumbe haukumfikia. Mtandao wa Songea kuganda si habari ya kushangaza, na Nassoro hakuwa mtu wa kumchunguza mtu anayempenda. Aliamini papo hapo. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma Leticia kuliko yote, jinsi alivyoaminiwa upesi.

*

Nassoro alifika mchana, amejikunja ndani ya sweta kwa baridi ya Songea ambayo watu wa Tunduru huwa wanaiogopa. Alimwamkia Mama Getruda akiwa bado mlangoni, akamwamkia Shangazi Kunegunda, akauliza habari za Mzee Beda, akaambiwa yuko shambani Mshangano anavuna na atarudi jioni. Kisha akamtazama Leticia. Alimtazama kama mtu aliyesafiri safari yote ile kwa ajili ya dakika hiyo moja, na alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yameingia ndani. Leticia akampokea begi, vidole vyao vikagusana kwenye mkanda, na badala ya furaha akasikia aibu ikimpanda mpaka masikioni.

Walikula. Mama Getruda alisimama karibu, akimweleza mgeni mara mbili kwamba kuku amechinjwa na baba Ibra, asiwe na shaka. Nassoro akashukuru kwa moyo wote, akasema hata nyumbani kwao leo hakuna aliyemfanyia hivyo. Aliyasema kwa kucheka lakini Leticia alisikia kilicho ndani yake. Akaomba radhi, akaenda jikoni kuleta maji ya kunawa.

Shangazi Kunegunda alimfuata huko. Alikuwa mwanamke mwema kwa mambo mengi. Alimlea Leticia alipokuwa mdogo na kumfundisha sala zote anazozijua. Lakini alikuwa na roho ya kushinda. Akamshika mkono, akamwambia asije akafungua mdomo. Kijana amekuja mwenyewe, mjomba amejitoa mwenyewe, sasa watafunga ndoa bila mtu wa kumwekea masharti. Mungu amepitisha mkono wake kwenye mashine.

"Mkono ulikuwa wangu, shangazi," Leticia alisema.

Shangazi akamwambia mkono ni wa mtu ila njia ni ya Mungu, akamkabidhi birika. Leticia akalibeba, na ukweli lazima usemwe: maneno yale yalimpendeza kidogo. Kwa muda wote wa kutoka jikoni hadi sebuleni aliyashika kama mtu anayeshika shuka wakati wa baridi.

Mama Getruda ana akili ya kina mama. Baada ya vyombo kutolewa, akamwita wifi yake nje waanike mahindi, akawaachia vijana sebule. Nassoro akangoja mpaka mlango wa nyuma ufungwe. Akasogea kwenye kochi, si karibu sana, kiasi cha kusikika kwa sauti ya chini.

"Leti, nimemaliza na mjomba."

Hakuelewa. Akamuuliza kumaliza vipi.

Nassoro akamweleza yote. Mama yake alikuwa amesema kwamba binti wa Kikristo amemzima mzee wa watu makusudi, mbele ya ukoo mzima, na hata waliokufa wamekatwa majina yao yakiwa bado hewani. Nassoro akabisha. Akasema ni mashine, ni mtandao, Leticia hana roho hiyo. Mama akaendelea, na yeye akaapa mbele yake kwa jina la Mungu kwamba Leticia hakuuona ujumbe. Kisha akaenda kwa mjomba kumtaka amwambie mama ukweli. Mjomba hakusema ndiyo wala siyo. Alimwambia tu, "Muulize mchumba wako." Nassoro akaona hiyo ni dharau. Akamjibu vibaya mtu ambaye hajawahi kumjibu vibaya tangu azaliwe, mtu aliyemchukua akiwa hajaota meno ya pili, akamlaza chumba kimoja na wanawe, akampeleka shule kwa baiskeli. Wakarushiana maneno mpaka majirani wakatoka nje.

"Nikamwambia kama hakutaki wewe basi asinihesabu mimi," alisema. "Sasa nimekuja kumwambia baba yako nataka tufunge ndoa ya bomani. Hapa hapa Songea. Sihitaji mtu wa kwetu."

Basi hayo ndiyo aliyokuwa anayataka Leticia, yamekuja yamejileta yenyewe mpaka kwenye kochi la kwao. Hakuna mjomba, hakuna swali la dini. Alichotakiwa kufanya ni kumshika mkono na kulia kidogo, na machozi yalikuwa tayari. Alimtazama. Nassoro alikuwa anajaribu kutabasamu lakini Leticia akaona wazi kwamba hayo si macho ya bwana harusi. Alikuwa mtu aliyefiwa, na marehemu yu hai Tunduru.

"Usiende kwa baba," alisema.

"Kwa nini?"

"Nassoro, mtandao haukuganda."

Alimtazama bila kuelewa, bado na lile tabasamu nusu.

"Niliuona ujumbe wako. Uliingia na nikausoma. Kitufe kilikuwa hapa." Alijikuta amenyoosha kidole kana kwamba kompyuta iko mbele yake. "Shangazi alikuwa ameniambia mjomba atadai nibadili dini, na nikaogopa. Mjomba akataja dini yangu. Nikaondoa mkono."

"Kabla hajazimwa?"

"Kabla."

"Ulisoma, ukaelewa, ukaondoa mkono."

"Ndiyo."

Nje walisikia Mama Getruda akifukuza kuku kwenye mahindi. Leticia alingoja afoke. Angefoka, ingekuwa nafuu. Yeye angelia, wangegombana, wangepatana, mambo ya wapenzi. Lakini Nassoro alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe.

"Mimi nilimwapia mama yangu," alisema hatimaye. "Kwa jina la Mungu. Ukanipigia usiku ule, tukaongea, nikakusimulia kwamba nimeapa. Ukasema nini?"

Leticia alikumbuka alichosema. Alisema asante.

"Ulisema asante," Nassoro alimalizia mwenyewe.

Hapo Leticia akalia. Akasema aliogopa kumpoteza, na kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ya jana yake, na kwamba hakuwahi kumfikiria mzee kama mtu, alimfikiria kama jambo linalokuja kumchukulia mume. Akamwomba msamaha, akapiga magoti kabisa kwenye zulia la mama yake. Nassoro akamwinua kwa kiwiko, kwa upole ule ule wa siku zote, na upole huo ukamuumiza kuliko kofi.

"Usiniangukie mimi kwanza," alisema. Akatoa simu yake mfukoni, akatafuta jina, akabonyeza, akamkabidhi ikiwa tayari inaita. Kisha akachukua begi lake, akatoka nje.

*

Mzee Daimu aliipokea upesi, upesi mno kwa mtu aliyekasirika. Alidhani ni mpwa wake.

"Umekumbuka kwamba una mjomba?"

"Shikamoo, mjomba," Leticia alisema. "Siye Nassoro. Ni Leticia, wa Songea."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya kiti kikivutwa.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

Akasema. Safari hii hakumtaja shangazi. Hakutaka kumbebesha mtu mwingine. Alieleza kwamba aliona muda unakwisha, aliombwa aongeze, angeweza, na hakufanya. Alimwambia kwamba alimzima mzee aliyekuwa ametoka kuwataja wazee wake, na kwamba uongo wa mtandao ni wake, Nassoro hakuujua. Alipomaliza, shingo ilikuwa imelowa jasho pamoja na baridi yote ile.

"Nilijua," Mzee Daimu alisema.

"Ulijua, mjomba?"

"Wenzio wote siku ile walikuwa wananitazama mimi. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Mtu akija kuposa humwangalia binti, hamwangalii mtu mwingine. Niliona mkono wako unakuja. Halafu nikauona unarudi."

Leticia aliuliza kwa nini basi hakusema, hata mpwa wake alipomjia juu.

"Niseme nini? Nimshitaki binti wa watu kwa baba yake, au kwa kijana anayempenda? Sikuweza. Nilimwambia akuulize wewe. Nikasema kama una moyo, utasema. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa."

Mzee akaendelea, taratibu, kama mtu asiyekimbizwa na yeyote. Akasema dini yao haimkatazi kijana kuoa Mkristo, hayo anayajua tangu zamani na hakuwa na nia ya kumfukuza mtu kanisani kwao. Alitaka kumuuliza yeye mwenyewe, mbele ya wote, ili kesho wanawake wa ukoo wasimsumbue kwa jambo ambalo limeshasemwa.

"Sikuwa na amri," alisema. "Nilikuwa na swali. Swali lenyewe ni hili: ukija kwetu, utamwabudu Mungu wapi?"

Leticia alitazama ukutani, kwenye picha ya Moyo Mtakatifu ambayo baba yake aliitundika kabla hajazaliwa. Ndilo swali alilolikimbia. Alijua kwamba akisema lolote la kumpendeza mzee huyu sasa hivi, atakuwa amemzima sauti mara ya pili.

"Nitabaki Mkatoliki, mjomba."

Alisikia mzee akivuta pumzi.

"Sijalipenda," Mzee Daimu alisema. "Lakini nimelisikia kwa mdomo wako. Nitalipeleka kwa dada yangu, tutavutana naye, ndiyo kazi ya mjomba. Wewe una kazi moja. Wale walioniona nikizimwa ni watu wangu. Njoo Tunduru, ukae mbele yao, uwaambie ulivyoniambia."

"Nitakuja."

"Utakuja na nani?"

"Hata peke yangu."

"Basi la kwangu nimekusamehe leo, mbele ya Mungu. Nipe mpwa wangu."

Leticia alitoka mbio na simu mkononi, machozi hayajakauka, kifua kikiwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Amesamehewa. Mtu aliyemkosea ndiye aliyemsamehe, kwa hiyo yaliyobaki ni madogo, alifikiri. Alimkuta Nassoro kwenye geti, begi begani, na bodaboda imesimama upande wa pili wa barabara, dereva anafuta vumbi kwenye kioo. Akampa simu.

Nassoro akamwamkia mjomba wake. Sauti ilimkatika katikati, akageuza uso. Alisikiliza kwa muda mrefu, akisema ndiyo, mjomba, na tena ndiyo, mjomba, kisha akaomba radhi kwa maneno aliyomtolea, mara mbili, sauti ikizidi kuwa ya mtoto. Alipokata simu alijipangusa macho kwa mkono wa sweta. Leticia akadhani sasa atamgeukia, atamkumbatia hapo hapo barabarani hata kama Shangazi Kunegunda anachungulia dirishani, na kweli alikuwa anachungulia.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amesema nikusamehe."

"Na wewe?"

Nassoro aliitia simu mfukoni.

"Mjomba anaweza kuniambia nimwoe nani, Leti. Akisema nioe, nitaoa. Lakini kosa alilolisamehe ni lake. Langu hajaligusa."

"Lako ni lipi? Niambie, na hilo nitaliombea msamaha."

"Nilikuandikia, ukasoma. Halafu ukaniacha niape." Hakupaza sauti. "Ningekuwa mtu mwingine, mgeni, sawa. Mimi ni wako. Sasa kila utakaponiambia jambo, nitakuwa naangalia mkono wako uko wapi. Sitaki kuishi hivyo. Sijui kama naweza."

"Nisamehe, Nassoro."

"Leo siwezi."

Alivuka barabara. Kabla ya kupanda pikipiki akageuka, akamuuliza atakwenda Tunduru lini. Leticia akajibu kesho, basi la kwanza. Nassoro akatikisa kichwa, akatazama chini, akasema mama yake anapenda kusalimiwa kwanza kabla ya mtu yeyote, asisahau hilo. Na akasema yeye hatakuwepo nyumbani. Atakaa kwa rafiki yake Twaha mpaka mambo hayo yaishe.

"Nitakwenda hata kama hupo," Leticia alisema.

Ndipo akamtazama. Yalikuwa bado macho yale yale aliyompenda nayo kwenye skrini, na upendo ulikuwemo, aliuona, haukuwa umekwenda popote. Ila ulikuwa umesimama mbali naye na haukusogea. Dereva akawasha pikipiki, wakashuka kuelekea mjini, na Leticia akabaki amesimama getini mpaka mama yake akaja kumshika bega na kumuuliza kulikoni.

"Mjomba amekubali nimwone," alimwambia. "Nassoro amekwenda."

Mama Getruda hakuelewa linawezekanaje, akauliza sasa bila kijana anakwenda Tunduru kufanya nini. Leticia akamwambia anakwenda kuwaambia watu alichomfanyia mzee wao. Kisha akamwomba amtafutie kanga mbili za heshima, akaingia ndani kufungasha.